Ndege Yupo, Ndege Ipo

Nje ya uzio ilikuwa leo. Ndani ya uzio ilikuwa jana. Faki alivuka kutoka leo kwenda jana kila alipokwenda kazini, na hakuona tena ajabu, kama mtu asivyoona ajabu kuvua viatu mlangoni. Wenye kambi, wanajeshi wa ng'ambo, walikuja na saa zao kutoka kwao wakakataa kuzigeuza. Kwao jua la jana lilikuwa halijazama wakati watu wa hapa wanakunywa chai ya asubuhi. Kwa hiyo askari wa getini alikuwa na kazi mbili: kukupapasa mwilini akitafuta kisu, na kukuvua siku yako. "Leo ni lini?" anauliza. Ukisema Alhamisi, unarudishwa. Ukisema Jumatano, unapita. Jioni unarudishiwa Alhamisi yako ikiwa imepoa, imeshaliwa na wengine.

Ndani hakuitwa Faki. Aliitwa Debe, kwa sababu ya debe alilobeba. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya lami, ile lami ndefu nyeusi isiyotoka kwa mtu wala kufika kwa mtu, akipiga debe kwa kipande cha nondo, ili ndege waondoke na ndege zishuke. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha yetu anaipita sentensi hiyo bila kujikwaa. Ndege waondoke, ndege zishuke. Wa ni wale wenye moyo na mayai. Zi ni zile zenye mafuta na mabomu. Jina ni moja, kinachozitenga ni kipande kidogo cha sauti mbele ya kitendo, na hakuna mtu anayekifikiria kipande hicho, kama vile hakuna anayefikiria ulimi wake mpaka auume.

Sasa, lami ile ilikuwa ya nini? Hilo swali lilimkaa Faki kooni miaka na miaka, halishuki wala halitoki. Ndege zile hazikuleta kitu hapa na hazikuchukua kitu hapa. Zilishuka, zikanywa, zikaondoka. Zilikwenda zikiwa nzito, matumbo yamening'inia, lami inatetemeka chini ya nyayo zake. Zilirudi nyepesi, zikigusa chini kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mzigo ule ulibaki mahali fulani. Mahali hapo palikuwa na watu, maana hakuna anayesafiri mbali vile kwenda kumwaga kitu juu ya mchanga mtupu. Na watu wale, wakiinua macho, walidhani chuki imetoka mbinguni. Hawakujua kwamba ilipumzika kwanza hapa, ikanywa, ikafukuziwa kunguru na mtu mwenye debe.

Niko wapi? alijiuliza akitembea.

Niko hapa.

Hapa ni wapi? Hapa ni karibu na kule.

Kule ni wapi? Sijaambiwa.

Basi niko karibu na nisipopajua, na hiyo ndiyo anwani yangu.

Lami ilipoishia, baada ya uzio na mfereji wa maji machafu, palikuwa na kijumba cha mama yake, Bi Mwatima, na nyumba nyingine chache zilizokaa kukizunguka kama vifaranga. Hapo ndipo habari ilipofika. Lami itarefushwa. Kuna ndege zinakuja kubwa kuliko hizi, na miguu yake inahitaji mahali pa kukimbilia. Nyumba zitoke.

Watu walikusanyika uani kwa Bi Mwatima. Mwenyewe alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, anakuna, hainui kichwa.

"Faki," akasema Machano, jirani yao, mtu ambaye hata msibani alikuwa hakosi la kuchekesha, "wewe unakula na hao. Waambie watuache."

"Sili nao. Napiga debe."

"Basi lipige kwa sauti, labda watasikia."

Watu wakacheka. Bi Mwatima hakucheka. Alikung'uta chicha mikononi, akasema:

"Mimi nilikuwepo."

Kila mtu alijua alikuwepo, lakini hakuwa na desturi ya kusema.

"Nilikuwa na huyu tumboni. Mgeni alisimama pale penye mfereji, wakati ule hapakuwa na mfereji. Mkalimani wake akasema: tunaomba uwanja, ndege wakichoka watue. Hivyo hivyo, kama ninavyokwambieni. Wakichoka, watue. Wazee wakatazamana, wakacheka. Mtu mzima na kofia yake ametoka ng'ambo kuja kuwaombea ndege pa kupumzikia! Nani atamnyima ndege pa kutua? Wakasema, watue, uwanja ni wao. Siku ya kwanza sisi wanawake tulikwenda na mtama tukaumwaga pale. Tuliwamwagia wageni. Halafu ikashuka ile ya kwanza, ikatuondolea mapaa."

"Mkalimani alikosea," akasema Machano.

"Alikosea au alipatia, hayo ni yake. Mtoto anayejifunza kusema anajua mbuzi anayekula majani na mbuzi hii ninayoikalia. Hawezi kukwambia mbuzi yangu amekula majani ya mti akiwa ameikalia. Sisi tulikubali wa. Zi hatukuzikubali. Hakuna aliyesema zitue. Angesema zitue, tungemuuliza: zipi?" Akamtazama mwanawe. "Nenda kawaambie. Wachukue zi zao waende nazo. Wa wabaki."

Ni jambo la kuchekesha, mtu aliyekaa mjini atasema. Lakini watu waliokaa uani siku ile hawakuwa na kitu kingine mkononi. Hawakuwa na bunduki, hawakuwa na mkubwa wa kumpigia simu. Walikuwa na neno moja lililosemwa mbele yao, na mama mmoja aliyelisikia. Matumaini yao yote yaliingia katika kipande kile cha sauti, yakaenea humo, na nafasi ikabaki.

"Uende na ndege njema," Bi Mwatima akamwombea Faki alipoondoka, kwa maneno ya wazee wa zamani, waliosoma bahati ya safari yao kwa ndege aliyewakatia njia.

Faki alifika getini, akatoa Alhamisi yake, akapita.

Mkuu wa kambi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Faki baadaye alipojaribu kumchukia. Alikuwa mzee wa makamo, ana sauti ya mgonjwa, anamenya chungwa kwa kisu kidogo ili ganda litoke zima bila kukatika. Pembeni yake alisimama Lutfi, mkalimani, kijana wa mjini mwenye marashi na soksi nyeupe, anayesema Kiswahili kizuri mpaka kinateleza.

"Sheikh Debe!" akasema Lutfi. "Karibu. Leo debe limepumzika?"

"Naitwa Faki."

"Humu ndani? Haya, Faki. Una shida gani?"

Mkuu alimwashiria akae. Kisha, kabla hajaulizwa chochote, akainua chungwa lililomenywa akaanza kusema, na Lutfi akawa anamfuata nyuma kama mtu anayefagia nyayo.

"Anasema hii ndiyo dunia. Anasema tazama, dole gumba naliweka hapa. Hapa ndipo mlipo. Kidole hiki kinafika bahari ile. Hiki kinafika jangwa lile. Hiki kinafika kwenye mlango ambao meli zote za mafuta lazima zipite. Bila dole gumba, vidole havishiki kitu. Chungwa linaanguka."

"Mwambie nimeelewa."

"Anasema watu wengi huwachukia kwa kudhani wamekuja kuiba. Anasema sisi hatutaki madini yenu, hamna. Hatutaki mashamba yenu wala wanawake wenu wala dini yenu. Tunataka umbali wenu tu."

"Umbali wetu kutoka wapi?"

Lutfi akauliza. Mkuu akatabasamu, akapasua chungwa.

"Kutoka kila mahali."

Faki alipokea kipande cha chungwa alichopewa akakishika bila kukila. Alikaa na maneno yale. Mtu anaweza kuwa na njaa akajua ana njaa. Anaweza kuibiwa ng'ombe akajua zizi ni tupu. Lakini akichukuliwa umbali wake, anajuaje? Anaamka, nyumba ipo, mlango upo, mama anapika. Kila kitu kipo isipokuwa kwamba mahali pale si mahali tena, ni katikati ya sehemu nyingine. Na anayekaa katikati ya safari za watu hakai, anangojewa aondoke. Labda hata kabla ya kambi ilikuwa hivyo, Faki akawaza. Labda babu zake waliishi juu ya dole gumba bila kujua, wakazika watu wao juu ya dole gumba, na siku zote mkono ulikuwa unakuja.

Akaeleza alichotumwa. Alikieleza chote: mkalimani wa zamani, wakichoka watue, mtama, mbuzi anayekula na mbuzi ya kukunia. Lutfi alicheka mwanzo. Alipofika kwenye mtama aliacha kucheka.

"Kaka," akasema taratibu, "hili nitalitafsiri vipi? Kwao halipo. Kwao anayetaga ana jina lake na inayolipua ina jina lake, hawachanganyiki. Halafu kitenzi chao hakina habari na nani amekaa mbele yake. Mtu, kuku, jiwe, kijiko, kinasema nao wote sawasawa."

"Hata mtu?"

"Hata mtu."

"Basi watajuaje nani yuko hai?"

Lutfi alimgeukia Mkuu, akasema kwa muda mrefu, mikono inakwenda, mara ya ndege, mara ya kukuna nazi. Mkuu alisikiliza. Aliweka kisu chini. Alisimama akatazama nje kwenye lami, na aliporudi macho yalikuwa yamelowa kidogo.

"Anasema mama yako ana haki," akasema Lutfi, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli. "Anasema ahadi ni ahadi. Itatekelezwa kama ilivyosemwa."

Kwa muda ambao debe hupigwa mara moja sauti ikapotea, Faki aliona lami ikipasuka, nyasi zinatoka, wanawake wanarudi na mtama. Huo ndio muda wote wa furaha uliomo katika habari hii, na mwenye kuutaka auchukue.

"Mlikubali wa," Lutfi akaendelea, sasa hamtazami, anatazama soksi zake. "Basi ndege wote wa kambi, kuanzia sasa, ni wa. Wanatua, wanaruka, wanachoka, wanapumzika. Mwenye kusema zimetua anatolewa kazini. Ni amri."

"Na ndege wenyewe? Wenye manyoya?"

"Lazima watofautishwe, ni usalama wa lami. Hao watakuwa zi. Kwenye redio, ukisema ndege yupo, maana yake ni ndege wetu yupo mahali pake, mambo safi, njoo. Ukisema ipo, maana yake kuna kizuizi, kunguru, mbwa, chochote, anayekuja apae tena. Usichanganye, utaua watu."

"Na sisi?"

"Sisi nani?"

"Watu wa nje ya uzio."

Lutfi aliuliza. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema hamkutajwa upande wa wa. Basi mmo katika zilizobaki." Halafu kwa sauti ya chini, kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba: "Nisamehe, sheikh. Mimi natafsiri ninachopewa."

"Amri inaanza lini?"

"Imeanza jana."

"Jana ipi?"

"Ya humu."

Kwa hiyo hata alipokuwa anaingia getini na ujumbe wa mama yake, Faki alikuwa ameshakuwa kitu. Alikwenda kudai haki akiwa tayari hana mdomo wa kuidaia. Getini jioni askari alimpapasa, akamrudishia siku yake, akamwambia mwenzake: "Ipite."

Na ikapita.

Mtu huzoea. Hilo ndilo neno baya kuliko yote, na halina haja ya mkalimani. Faki alipewa redio ndogo ya mkononi, akajifunza. Kunguru ipo. Mbwa ipo. Ndege yupo, ametua, amechoka, apumzike. Mwanzo ulimi ulimwuma. Baadaye ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unatembea bila kuuliza. Mtaani Machano alimpokea kwa kejeli: "Faki! Familia haijambo? Zimeamka salama?" Siku ya pili alisema tena. Siku iliyofuata hakusema, maana alikuwa anafunga magodoro juu ya mkokoteni.

Nyumba zilitoka moja baada ya nyingine. Katapila lilikuja, likala ukuta wa Machano, likala jiko la jirani wa pili, likafika mlangoni kwa Bi Mwatima, likazima. Wakaleta jingine. Nalo likazima. Mama alikuwa amekaa kizingitini juu ya mbuzi yake, anakuna nazi, hatazami. Mafundi walifungua vyuma, wakapuliza, wakatukana. Mwisho wakaamua kumzunguka. Wakamwaga lami kulia kwake na kushoto kwake, mbele na nyuma, mpaka nyumba ikawa kisiwa cha udongo katikati ya weusi. Halafu upepo wa ndege ukabeba paa. Halafu mvua ikashusha kuta. Alibaki mama, mbuzi, na mahali penyewe. Kila asubuhi Faki alimpelekea uji, na alipovuka kutoka kwenye udongo kuingia kwenye lami hakujua tena yuko siku gani.

"Mama, twende."

"Niende wapi? Mimi nipo."

"Watakuja wale ndege wakubwa."

"Waje. Mimi nipo. Nipo, nipo. Hilo ni neno langu, sikulikopa kwa mtu."

Na kweli, kila alipolisema, kitu kilisimama wima pale. Faki aliona. Lami yote ile, pamoja na vidole vyote vilivyoshika chungwa, ilikuwa inazunguka kineno hicho na haikiwezi. Alianza kufikiri kwamba labda hii ndiyo siri, kwamba dunia ya wenye mbawa inashindwa na mtu mmoja anayekaa na kusema nipo. Alianza kuamini, akaacha kumsihi aondoke, na kuamini kwake ndiko kulikomaliza mambo.

Wa kwanza kati ya wale wakubwa alikuja mchana, jua kali, anga jeupe kama sahani. Faki alikuwa amesimama mbele ya mama yake, debe miguuni, redio mkononi. Sauti ikatoka. Ilikuwa ya Lutfi. Siku hizo walikuwa wamemweka juu mnarani kuongoza ndege.

"Debe. Lami?"

Faki alibonyeza. "Lutfi, mama yangu. Mama yupo."

"Yupo. Nimepokea. Ndege yupo, mambo safi."

"Hapana! Si ndege, ni mtu! Mtu yupo juu ya lami!"

"Yupo. Nimepokea." Sauti ilitetemeka. "Debe, sema vizuri. Humu ndani nina mambo mawili tu ya kuwapa. Yupo au ipo?"

Huko mbali, juu ya joto linalocheza, doa lilikuwa limeota mabawa.

"Mama, ondoka."

"Mwambie nipo."

"Nimemwambia! Kila nikimwambia upo wanasikia njoo!"

"Basi mwambie tena." Alikuwa na nazi mkononi, nusu imekunwa. Hakuogopa. Alimtazama mwanawe kama alivyomtazama alipokuwa anajifunza kusema, anangoja neno litoke. "Mimi ni nani, Faki? Sema."

"Debe," ikasema redio, sasa karibu na kulia. "Yupo au ipo? Anashuka. Kwa jina la Mungu, sema."

Kivuli kilikuja mbele ya sauti. Kilipita juu ya mfereji, kikapita mahali palipokuwa kwa Machano. Faki alifumba macho.

"Ipo," akasema. "Ipo. Ipo juu ya lami. Ipo."

Ngurumo ikawaangukia, ikanyanyuka. Tumbo lile zito lilipita juu yao, likavuta kanga ya mama kutoka mabegani likaipeleka linakojua lenyewe, likapanda, likaanza kuzunguka anga ili lije tena. Kukawa kimya. Chicha za nazi zilikuwa zimetapakaa juu ya udongo, nyeupe, kama mtama.

Faki alifumbua macho. Mama yake alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo. Alikuwa amesimama. Hakuwahi kusimama tangu katapila la kwanza.

"Mama," akasema. "Ilibidi. Ungekufa. Mama?"

Bi Mwatima aliweka nazi chini. Alijikung'uta mavumbi polepole, mikono, magoti, kana kwamba anasafisha chombo cha mtu mwingine kabla ya kukirudisha. Kisha akamwuliza, kwa upole, bila hasira yoyote, na Faki angetoa maisha yake yote apate hasira:

"Itokee upande gani?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Ionyeshe njia. Itoke."

Faki aliinua nondo, akaonyesha upande wa uzio. Mama akaenda, kichwa wazi, hatazami nyuma, akawa mdogo juu ya weusi ule mpaka hakuwa tofauti na joto. Mbuzi ilibaki imetanua miguu yake pale pale. Faki aliikunja, akaitia ndani ya debe.

"Debe," ikasema redio. "Lami?"

Alitazama mahali pale. Hapakuwa mahali tena.

"Safi," akasema.

Ndege akaja kutoka upande wa jua, akakunjua miguu yake, akatua. Alikuwa amechoka.